Nguo ya Kukulia



Jumapili ya tatu baada ya Pasaka, watu walipokwisha kutawanyika, mzee mmoja wa parishi yetu alibaki akitungojea mlangoni mwa sakristia. Tulidhani ana neno la mazishi au la zaka. Kumbe sivyo. Wanawe walioko Dar es Salaam walimletea suti mpya kwa basi, ipate kumfaa siku ya Pasaka, naye hakuivaa. Ilikuwa bado chini ya kitanda, ndani ya mfuko iliyokujia. "Baba Padre," alisema, "nilipokuwa mtoto nilikuwa silali nikiwa na nguo mpya. Sasa nimeletewa suti nzima, wala sisikii kitu. Je, hiyo ni dhambi?"

Tulicheka, naye akacheka. Tukamwambia si dhambi, ni uzee tu, tukaagana. Lakini jibu lile halikututuliza. Tulipolitaja jambo hilo katika kikao cha wazee wa kanisa, kila mmoja alikiri kwamba naye yu hivyohivyo, na hata walimu wawili vijana, ambao mvi bado haijawajua, wakasema kwamba shati jipya kwao ni shati tu. Basi yafaa tulitazame pamoja. Furaha iliyopotea si kitu kidogo. Yule mwanamke wa Injili alipoteza kipande kimoja tu cha fedha, akawasha taa na kufagia nyumba nzima.

Sisi tuliokulia katika vijiji vya Bonde, upande wa Muheza, nguo mpya ilitujia mara moja kwa mwaka, nayo ilikuja Krismasi. Wenye bahati walipata na ya Pasaka. Lakini nguo ile haikuanza mwezi wa Desemba. Ilianza katikati ya mwaka, machungwa yalipoiva, mama alipoanza kufunga sarafu moja moja katika ncha ya khanga yake. Tuliiona ncha ile ikivimba. Tuliiona pia ikinywea, mtu alipougua nyumbani au michango ya shule ilipodaiwa, nasi tulijua bila kuambiwa kwamba ni nguo zetu zilizonywea. Hata siku ikafika, tukaongozana kwa miguu mpaka mjini, tukachagua kitambaa. Yaani mama alichagua, sisi tukatazama. Kilikuwa cha jora moja kwetu sote, wavulana mashati na wasichana magauni, hata kanisani mtu akitazama benchi alijua mara moja nani ni ndugu wa nani.

Fundi alikaa kwenye baraza ya duka, cherehani mbele yake, futi shingoni. Alitusimamisha mmoja mmoja, akapima mabega, kifua na mkono. Kisha akamwuliza mama swali lilelile la kila mwaka: "Nimshonee kama alivyo, au ya kukulia?" Tulimtazama mama kwa macho ya kumsihi, maana tulitamani shati la kutukaa sawasawa, kama la watoto wa karani. Mama hakusita hata mara moja. "Ya kukulia." Basi fundi aliongeza vidole vinne mikononi na vidole vinne chini, akakunjia ndani pindo nene, akalishona kwa uzi mwepesi ulio rahisi kufumuliwa.

Usiku tuliiweka nguo karibu na kichwa. Harufu yake, harufu ya wanga na ya dukani, ilijaza chumba, nasi tuliamka mara kwa mara kuishika gizani. Alfajiri tulikwenda misani tumeitanua mikono kidogo tusije tukagusa kitu, na kabla ya kuketi tulipangusa benchi kwa kiganja. Shati lilikaribia magoti. Wenzetu walicheka, na sisi tukawacheka, kwa kuwa na wao yao yalikuwa ya kukulia. Tulijua kwamba ndani ya shati lile mlikuwa na nafasi ya mtu mkubwa kuliko sisi, na kwamba mtu yule ni sisi wenyewe, tunamwendea.

Mwaka uliofuata mama alifumua pindo na kuliteremsha. Palibaki mstari wa rangi nzito kuzunguka shati, mahali ambapo jua na sabuni hazikuwa zimefika. Kwa kweli tuliona haya kuvaa mstari ule mbele za watu. Lakini mama, akiukata uzi kwa meno, alisema neno moja tu: "Umekua." Alilisema kwa furaha kama mtu aliyelipwa deni.

Miaka ile ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikosa fedha za kigeni. Pamba ilikuwapo mashambani, lakini viwanda vilikosa vipuri, na hata khanga na vitenge vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilitafutwa kwa foleni. Duka la ushirika likipata kitambaa, habari ilienea kijijini kabla gari halijashusha mzigo. Krismasi moja ya miaka ile kitambaa hakikupatikana kabisa. Mama akatoa kitenge chake cha kanisani, naye hakuwa na kingine chema, akampa fundi akikate. Katika misa ile tulivaa nguo ya mama yetu, naye alisimama nyuma, karibu na mlango, amejifunga khanga ya shambani. Hatukuelewa. Tulifurahi tu. Kumbukumbu hii hutuchoma mpaka leo, wala hatuoni ingekuwaje vinginevyo, maana kama tungalielewa tusingalifurahi, na yeye alitaka tufurahi.

Baadaye tulipokwenda shule ya bweni, hakuweza tena kutupeleka kwa fundi. Siku ya kuondoka alitwaa kamba nyembamba ya katani, akampima kila mmoja, akafunga fundo mahali pa bega, fundo mahali pa kiwiko, fundo mahali pa kiganja. Ilipofika Novemba aliichukua kamba ile mpaka barazani kwa fundi, akaweka vidole vyake mbele ya fundo la mwisho, akakisia. Mwaka mmoja alikisia vidole viwili, na mwaka mwingine vitano. Mara chache alikosea, na kila alipokosea alikosea kwa kuzidisha.

Ndiyo sababu hatuwezi kusoma 1 Samweli 2:19 kwa haraka. Hapo tunaambiwa kwamba Hana, aliyemtoa mwanawe akae Shilo nyumbani mwa Bwana, alimshonea kanzu ndogo kila mwaka, akaipeleka alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Ni aya moja tu, tena fupi. Lakini fikirini, enyi akina mama. Mtoto humwoni ila mara moja kwa mwaka. Utajuaje urefu wa mkono wake? Hana hana budi kukaa Rama na kumwona kwa moyo: sasa amefika hapa, sasa amepita mlango huu. Maandiko hayasemi kama aliishona ya kukulia. Sisi twaamini hivyo, kwa kuwa tumewajua akina mama.

Tazameni tena jinsi sura hiyo ilivyopangwa. Upande mmoja wako wana wa Eli, waliozaliwa katika ukuhani, wanaojichukulia nyama iliyonona kabla Mungu hajapewa sehemu yake. Upande wa pili yuko mtoto mwenye kanzu iliyotoka kijijini, na habari yake ni kwamba aliendelea kukua, akapendwa na Mungu na watu. Wana wa Eli hawakukosa mavazi. Walikosa kukua. Na yule Samweli, alipokwisha kufa, na Sauli alipokwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, alitambuliwa kwa kitu gani? Yule mwanamke alisema anaona mzee aliyejifunika vazi, ndipo Sauli akajua ni yeye. Katika Kiebrania neno la vazi hilo ni lilelile la kanzu ndogo ya mama yake.

Tukumbuke na Kumbukumbu la Torati 8:4, kwamba mavazi ya Waisraeli hayakuchakaa jangwani miaka 40. Watoto waliozaliwa njiani je? Mfafanuzi mmoja mashuhuri wa Kiyahudi, Rashi wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, alieleza kwamba nguo za watoto zilikua pamoja nao, kama konokono anavyokua na gamba lake. Ni ufafanuzi wa kupendeza. Lakini kwa wengi wetu Mungu hakutumia njia ya konokono. Alitumia mama mwenye sindano.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Wako wasemao kwamba furaha ilikufa kwa sababu nguo zimekuwa nyingi. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, nguo zilianza kuonekana tena, na katika miaka iliyofuata mitumba ikajaa masokoni. Leo robota likifunguliwa sokoni shati huweza kupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Hatutaisema mitumba vibaya. Imewasitiri maskini wengi, na baadhi ya suruali zinazopanda madhabahuni hapa kwetu zilitoka katika robota, Mungu anajua. Ni kweli pia kwamba kinachopatikana siku yoyote hakingojewi, na kisichongojewa hakikeshewi. Lakini mzee yule hana nguo nyingi. Ana suti moja, na hasikii kitu.

Wengine husema ni umri. Hiyo nasi tulisema, kwa uvivu.

Sisi twaona jambo lingine. Tukienda kwa fundi leo, hatuulizwi tena lile swali. Nani amwulize mtu mzima kama ashonewe ya kukulia? Twasema, nipime kama nilivyo. Au twasema kwa sauti ya chini, niachie nafasi kidogo hapa tumboni, maana ndipo mahali pekee tunapotazamia kukua. Mtoto aliposhika nguo mpya gizani, alishika ahadi. Sisi tunashika kitambaa. Hatutazamii kuwa mtu mwingine zaidi ya huyu tuliye, nguo itakayotukaa leo itatukaa mwakani, basi cha kufurahia ni nini?

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la nguo za dukani. Mtume Paulo anawaambia Wagalatia (3:27) kwamba wote waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo. Katika Kanisa la zamani jambo hili lilionekana kwa macho: waliobatizwa katika mkesha wa Pasaka walivikwa mavazi meupe, wakayavaa juma zima, wakayavua Jumapili iliyofuata. Na wengi wetu tulipoletwa kisimani tukiwa wachanga tulifungwa kitambaa cheupe, ijapokuwa hatukumbuki. Lakini vazi tulilovikwa siku ile lina kipimo gani? Waefeso 4:13 inajibu: ni kipimo cha kimo cha Kristo mwenyewe. Mtoto wa siku arobaini anavikwa vazi la kimo hicho! Hakuna nguo ya kukulia kubwa kama hiyo. Pindo lake lililokunjwa ndani, uhai wote hautoshi kuliteremsha.

Nasi tumeliteremsha kiasi gani? Wengi tuliteremsha mara moja, tukiwa na miaka 14, siku Askofu alipotuwekea mikono. Tangu hapo tunasali sala zilezile kwa haraka ileile. Wamo kanisani mwetu ndugu wawili wa tumbo moja ambao, tangu shamba la baba yao lilipogawanywa, hukaa pande mbili za kanisa, na wakati wa kupeana amani kila mmoja humwamkia kwa bidii mtu aliye mbali na nduguye. Wao wanajijua, nasi hatusemi hivi ili kuwaaibisha, kwa kuwa sisi tulio mbele tu wabaya zaidi. Katika Kwaresima iliyopita tulihubiri kutoka daftari la zamani. Mahubiri ya Jumapili ya pili tulikuwa tumekwisha kuyahubiri mara tano. Hakuna aliyetuuliza, na tulishukuru kwamba hakuna aliyetuuliza. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeacha kukua: hufurahi asipopimwa.

Tukiwa na mawazo hayo tulikwenda pamoja na katekista kumtembelea yule mzee nyumbani kwake. Tulimwomba aivae ile suti. Aliingia ndani, akakawia, akatoka. Mikono ya koti ilifunika vidole vyake vyote, na mabega yalikuwa ya mtu mwingine. Ndipo tulipojua sababu yake ya kuiweka chini ya kitanda. "Wamenipima kwa kumbukumbu," alisema. "Miaka sita hawajafika. Suti hii ni ya kukulia, Padre, nami nasinyaa."

Hatukuwa na neno. Kwa hakika kile tulichokuwa tumeandaa kumwambia juu ya kukua kilitukauka kinywani, maana mwili wa mzee ule haukui, na kuudanganya ni dharau. Tuliketi, tukanywa chai. Ndipo katekista, si sisi, akamsomea 2 Wakorintho 4:16, pale Mtume anapokiri waziwazi kwamba mtu wa nje anachakaa, wala hafichi, lakini wa ndani hufanywa upya siku kwa siku. Mzee akauliza, "Huyo wa ndani, anashonewa na nani?" Tukamweleza habari za Samweli na kanzu yake, ya utoto na ya uzee. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema hajawapigia simu wanawe kuwashukuru, kwa kuwa alikuwa amekasirika kwamba wanatuma vitu nao hawaji. Wiki saba hajawapigia. Akamwita mjukuu alete simu, akatoka nayo uani. Hatukusikia alilosema, wala halikutuhusu.

Alipokwisha kurudi, alitutia neno ambalo hatukulitazamia. Alikumbusha kwamba Krismasi iliyopita tulikusanya nguo kwa ajili ya watoto wasio na wazazi, tukazimwaga juu ya mkeka ukumbini, tukawaambia wachague. Alimwona mtoto mmoja amesimama na shati la mtu mzima, halikunjiki, akilitazama. "Mimi walau wamenikumbuka nilivyokuwa," mzee alisema. "Yule mtoto hakuna aliyempima." Ni kweli. Hata sisi tulikuwapo ukumbini, tena tulisali sala ya kushukuru.

Tulipeleka neno hilo kwa akina mama wa Umoja. Hawakuhitaji hotuba. Kwa kuwa Askofu anakuja mwezi ujao kwa Kipaimara, waliamua kwamba watoto wote wa darasa, wenye wazazi na wasio nao, wenye duka na wasio na kitu, washonewe kwa kitambaa cheupe cha jora moja, na kila mmoja apimwe mwenyewe. Sehemu kubwa ya fedha imekwisha kupatikana. Iliyobaki kidogo itapatikana kwa sadaka ya Jumapili ijayo, nanyi mjiandae. Ndugu mmoja kati ya wale wawili tuliowataja ameleta fedha za mita kumi. Yule mwingine, bila kujua, ameleta za mita kumi pia. Hatujamwambia yeyote kati yao, wataisoma hapa.

Jumamosi iliyopita fundi aliletwa, akaweka cherehani barazani mwa kanisa, na watoto wakapanga mstari tangu asubuhi. Akina mama walisimama kando yake. Kila mtoto alipofika, fundi aliuliza, na akina mama walijibu kwa pamoja kabla hajamaliza kuuliza, hata watoto wakaanza kucheka na kuitikia nao. Yule mtoto wa shati la mtu mzima alipopimwa alisimama wima sana, amezuia pumzi, ili awe mrefu zaidi.

Mwisho wa mstari, nyuma ya watoto, alisimama mzee na koti lake mkononi. Zamu yake ilipofika alilivaa. Fundi alizunguka, akashika mikono ya koti, akachukua mkasi, akamwuliza kama akate au akunje.

Mzee alifikiri kidogo. "Kunja," alisema.